Kumjua Nguruwe Kabla Hajakua

Marahaba, wanangu. Naitikia wote kwa pamoja, maana simu zenu ni nyingi na wengine mnauliza swali kabla sijamaliza kuitikia. Na swali lenyewe ni moja tu: "Mama Beno, nina nguruwe wa miezi mitatu, je, Krismasi atafika kilo ngapi?" Mnaniuliza kama mtu aliyekwenda kwa mpiga ramli. Mimi sina kibuyu wala ubao wa mchanga. Lakini jamani, swali hilo! Nimestaafu, magoti yananiuma nikipanda ngazi za kanisa, na bado nikilisikia moyo unanidunda kama wa mwali siku ya kutolewa ndani.

Kumjua nguruwe kabla hajakua. Atafika wapi, lini, na atakula kiasi gani mpaka afike. Hiyo ndiyo kazi. Kufagia banda kila mtu anaweza.

Mimi nilifanya kazi hiyo miaka mingi katika shamba moja nje ya jiji la Tanga, ukishapita Pongwe, kwenye ardhi iliyokuwa ya mkonge. Baba yangu alitoka Kasulu akiwa kijana, manamba, kibarua wa mkataba, akaja kukata mkonge huku na akazeekea huku. Nilizaliwa kambini. Nilipoolewa nikahamia Makorora, na ndiko niliko hadi leo. Majirani zangu karibu wote ni Waislamu. Nilikuwa naoga shambani, navaa khanga safi, mabuti nayaacha huko huko, ndipo narudi mtaani. Idi nakula pilau kwao, Pasaka wanakunywa chai kwangu, na hakuna aliyewahi kunikunjia uso.

Aliyenifundisha kazi ni msimamizi wetu, Mzee Shemdoe, Msambaa wa Lushoto, Mlutheri, mwimba besi wa kwaya. Hata akimkaripia nguruwe ungedhani anaanza pambio. Siku yangu ya kwanza alinishika mkono akaubandika juu ya mgongo wa nguruwe mmoja mnene.

"Bonyeza," akasema. "Unagusa nini?"

"Nyama."

"Hapana, mwanangu. Unagusa chakula chetu. Kimeingia mdomoni, kimetokea mgongoni. Sasa niambie, kimegeuka nyama au kimegeuka mafuta?"

Mimi nitajuaje? Akanionyesha. Ukibonyeza kwa vidole ukausikia uti wa mgongo kwa shida kidogo, ni nyama. Ukibonyeza mpaka kidole kinazama kama kwenye godoro na mfupa huuoni, unafuga mafuta, na mafuta yanakula chakula kingi kuliko nyama. Akanifundisha pia kupima uzito bila mizani. Unachukua futi ya fundi cherehani, unaizungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, halafu unapima urefu kutoka katikati ya masikio mpaka shina la mkia, unapiga hesabu. Futi yangu ya kwanza, mpya, ya kuazima kwa shemeji yangu fundi, ililiwa. Nilikuwa nimeinama naandika namba, nikavuta nikaona inarudi nusu. Nguruwe ananitazama, anatafuna taratibu. Mzee Shemdoe alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa," akasema, "hata yeye anajua urefu wake." Kuanzia siku hiyo nilipimia kamba ya katani yenye mafundo. Katani hawali. Mmoja alijaribu akatema.

Sasa niwapeleke kwenye jambo lenyewe.

Mwenye shamba alikuwa Bwana Hiza, Mbondei wa Muheza, mtu mpole ila akishaamua ameamua. Chakula cha nguruwe kilikuwa kimepanda, na kwenye biashara hii chakula ndicho kinachomeza karibu kila kitu. Watoto wake walikuwa wanamwambia, baba, achana na hao wanyama, panda machungwa kama wenzako. Siku moja alikuja akatuita wote kwenye kivuli cha banda.

"Nimepata mnunuzi wa Moshi," akasema. "Anataka nguruwe thelathini, wiki ya kuelekea Krismasi, na kila mmoja asipungue kilo tisini. Akiridhika, atakuwa anachukua kwetu kila mara. Akikuta hawajatimia, haji tena. Na mimi nitauza waliobaki, nipande machungwa."

Tulikuwa watu wengi tunaokula kwa kazi ile. Mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Beno yuko chuo cha ufundi. Nilisikia neno machungwa likanikaa kooni kama mbegu.

Mzee Shemdoe akauliza, "Watatimia?"

Bwana Hiza akamtazama. "Si wewe ndiye unayepaswa kuniambia?"

Hapo ndipo alipoingia Neema. Alikuwa mtaalamu wa mifugo, binti mdogo tu, ndiyo kwanza ametoka chuo kikuu, Bwana Hiza amemwajiri miezi michache nyuma. Mwembamba, buti zinampwaya, lakini ana sauti. Akasema, "Mimi nitawaambia. Nipeni wiki chache niwapime, nitawaambia kila mmoja atafika wapi siku hiyo."

Mzee Shemdoe akanong'ona kwangu, "Huyu naye ametoka na malaika Gabrieli?"

Wanangu, nami nilicheka. Lakini binti yule alikuwa amebeba kitu ambacho sisi hatukuwa nacho. Sisi tulijua kumtazama nguruwe wa leo. Yeye alijua kumpanga nguruwe wa leo, wa wiki iliyopita na wa wiki ya kabla yake kwenye mstari mmoja, kisha akauendeleza mstari mpaka kesho. Alitundika ubao ukutani akachora kwa chaki. Akatuonyesha kwamba nguruwe hakui kwa mwendo mmoja. Akiachishwa kunyonya anasitasita, anamlilia mama. Kisha anashika kasi, na kila kilo ya chakula inakwenda kwenye nyama na mifupa. Halafu akikomaa anapunguza, anaanza kujiwekea mafuta, na chakula kinazidi kuliwa kwa faida ndogo.

"Kazi yetu," akasema, "ni kujua kila mmoja yuko wapi kwenye safari hii. Na kujua anakula kiasi gani kwa kila kilo anayoongeza."

"Wanakula hori moja," nikamwambia. "Utajuaje nani kala nini?"

"Tuwatenge."

Basi tukafanya kazi ya kichaa. Tukapiga fito na mbao kuukuu, tukagawa mahori vijumba vidogo, kila nguruwe na chake. Saa ya kula unamwingiza, unamfungia, anakula peke yake, unapima kilichobaki, unamfungulia. Tuliwapaka alama za rangi mgongoni tuwatambue. Wiki ya kwanza ilikuwa vita. Wanapiga kelele, wanapanda fito, mmoja aliibeba mbao shingoni akaenda nayo uwanjani kama askari na bunduki yake. Wiki ya pili wamezoea, ukigonga ndoo kila mtu anakimbilia mlango wake! Nawaambia kweli, wanajua mlango kuliko wapangaji wengine.

Na hapo tukaanza kuwajua tabia. Kulikuwa na jike mmoja mkubwa, mweupe, kifua mbele, tukimwita Bimkubwa. Huyu hakuwa kwenye oda. Mzee Shemdoe alikuwa amemtenga awe mama wa shamba, azae na kujaza mabanda. Alimpenda. Akipita alikuwa anamkuna nyuma ya sikio na kumwimbia kidogo. Na kwenye wale wa oda kulikuwa na jike wa umri ule ule, mwenye doa jeusi begani, mtulivu, hasukumi mtu, anakula kwa adabu, akimaliza anakwenda kulala upande wake wa kivuli. Tulimwita Sista. Ukiniuliza mimi wakati ule nani bora, nisingefikiri mara mbili. Bimkubwa! Mtu gani anachagua mtawa akaacha malkia?

Neema alipiga hesabu zake za kwanza akakunja uso. Chakula kilichokuwa kinaingia mahorini hakikulingana na miili. Kwa alichokuwa anapima, nguruwe wetu walikuwa wanakula kama tembo na kukua kama paka. Akakagua mizani. Nzima. Akapima upya. Yale yale.

"Nguruwe hawajasoma hesabu," Mzee Shemdoe akasema, si kwa ubaya.

"Hesabu ndizo zimewasoma wao," Neema akajibu. "Kuna kinywa hapa hatukijui."

Lile neno lilinikaa. Asubuhi iliyofuata wenzangu walipokwenda kunywa chai, mimi nikabaki, nikakaa nyuma ya magunia na kikombe changu. Nguruwe wengine wamesinzia katikati ya mlo, kama kawaida yao. Mara nasikia kwaa! Mmoja. Kwaa, kwaa! Wanangu, kunguru walishuka kama wameitwa kwa kengele. Walijipanga ukingoni mwa mahori, mmoja kando anashika zamu. Walikuwa wanachagua dagaa kwanza! Dagaa, ile sehemu ya gharama, ile inayojenga nyama! Wanaacha pumba kwa wenye nyumba.

Nilipiga ukelele ambao nadhani walisikia mpaka Usagara mjini. Neema akaja mbio na buti moja. Tulisimama tunawatazama kunguru wanaruka na shibe zetu, naye badala ya kukasirika akanikumbatia, anarukaruka. "Hesabu ilikuwa kweli! Mama Beno, hesabu ilikuwa kweli!" Tukanunua nyavu kuukuu za kuvulia, tukaziba kila uwazi wa banda. Wiki ile namba zikakaa sawa.

Hilo lishikeni. Kabla hujamlaumu nguruwe kwamba anakula sana, jua kwanza kama ni yeye aliyekula. Kunguru, panya, hori lililotoboka chini, na wewe mwenyewe unayejaza hori mpaka chakula kinamwagika kikakanyagwa. Vyote hivyo vinaandikwa kwa jina la nguruwe, maskini, naye hana mdomo wa kujitetea.

Ubao ukaanza kupendeza. Neema akaandika mbele ya alama ya kila nguruwe uzito anaotabiri siku ya lori. Sisi nasi tukaandika wetu kwa macho, tukawekeana dau la soda. Bwana Hiza naye akawa anakuja anasimama mbele ya ubao kama anasoma matokeo ya mtihani wa wanawe.

Kisha joto likaingia.

Ninyi wa Lushoto na Njombe mnaopiga simu mkijisifu, hili halijui ubingwa wenu. Kaskazi ilipoanza kuvuma, banda la bati likawa tanuri. Nguruwe hatoki jasho, wanangu. Jasho analotokwa mtu yeye hana. Anahema tu, mdomo wazi, ulimi nje, na anakataa chakula, kwa sababu chakula chenyewe kikifika tumboni kinampa moto mwingine. Mistari kwenye ubao ikalala. Ile iliyokuwa inapanda vizuri ikawa kama barabara ya Pangani, tambarare. Neema alipiga hesabu upya akaniita pembeni. Macho yamemwiva.

"Wakiendelea hivi hawatimii. Hata nusu yao."

Tukamwendea Mzee Shemdoe. Alikuwa amekaa karibu na Bimkubwa, anampepea na kipande cha boksi. Nilitegemea atamwambia Neema, nilikwambia. Hakusema.

"Kwetu juu," akasema polepole, "mimi nilikuwa natafuta namna ya kuwapa joto watoto wa nguruwe. Huku nimekaa miaka yote najua wanapungua wakati huu, nikadhani ndivyo walivyoumbwa. Sasa, binti, kitaalamu tufanyeje?"

Neema akavuta pumzi. Nadhani ndiyo mara ya kwanza Mzee kumwuliza hivyo. Akasema tuwape chakula alfajiri na tena jua likishazama, mchana tuwaache. Tupunguze pumba, zina makapi mengi yanayotia moto tumboni, tuongeze mashudu ya nazi ambayo yana mafuta ndani, washibe kwa kula kichache. Maji baridi muda wote. Mzee naye akaongeza la kwake: "Bati tulifunike makuti. Na sakafu tuimwagie maji upande mmoja tu, mwingine uwe mkavu. Nguruwe mwenyewe atachagua."

Mnajua kazi ya kusuka makuti ya kufunika mabanda yote yale? Tulisuka mpaka vidole vikaota sugu. Bwana Hiza akawa anakuja mwenyewe na pikapu kunichukua Makorora kabla ya alfajiri, na adhana ya kwanza inatupita tukiwa barabarani. Tukifika, banda liko baridi, nguruwe wamesimama wanatusubiri! Nikigonga ndoo, kila mtu mlangoni kwake, wanakula mpaka unasikia raha ya meno. Siku chache za mwanzo sikuthubutu kuangalia ubao. Kisha nikasikia Neema anaimba. Mstari ulikuwa umeinua kichwa.

Sasa katikati ya pilika hizo Neema aliona jambo lingine, na hili ndilo nataka mlishike kuliko yote.

Aliniita akanionyesha namba za Bimkubwa na za Sista. "Mama Beno, kwa uzito wa Bimkubwa na anavyokua, hesabu inasema angepaswa kula kiasi hiki. Anakula zaidi ya hapo, kila wiki, hata sasa tulivyofukuza kunguru. Sasa mwangalie Sista. Kwa uzito wake na anavyokua, angepaswa kula hiki. Anakula pungufu. Wiki zote. Hata kwenye joto."

"Kwa hiyo ni mgonjwa?"

"Mgonjwa angeacha kukua. Huyu anakua kama wenzake, kwa chakula kidogo. Mama Beno, huyu ndiye tunayemtafuta. Na tabia hii mara nyingi inarithiwa."

Nilikwenda nikasimama mbele ya Sista nikamtazama upya. Alikuwa amelala kwenye sehemu yenye maji, kimya, haangaiki, hagombani, hatumii nguvu zake bure. Nikaelewa. Bimkubwa alikuwa anazunguka banda siku nzima, anasukuma, anapiga kelele, anakula tena. Kile alichokula kilikuwa kinaishia kwenye fujo.

Lakini Sista alikuwa kwenye oda. Neema akamwendea Bwana Hiza.

"Huyu tusimuuze, tafadhali. Abaki azae."

"Tunao wangapi watakaotimia kilo tisini?"

Neema akasema ukweli. "Thelathini. Kwa kumhesabu yeye."

"Basi atapanda lori. Oda kwanza, binti yangu. Tukipoteza mnunuzi hakuna shamba, na pasipo na shamba huyo Sista atazalia wapi?"

Na alikuwa na haki. Hilo ndilo lililoniuma. Wote walikuwa na haki.

Siku ya lori ilifika. Mnunuzi wa Moshi alikuwa Mchaga mnene mcheshi, koti la ngozi kwenye joto la Tanga, anafuta jasho na huku anahimiza. "Haya, haya, Mama, mizani iko wapi? Mimi sinunui kwa macho." Tukaanza kuwapandisha mizanini mmoja mmoja. Wanangu, sijawahi kuona furaha kama ile kazini! Neema anasoma utabiri ubaoni, mimi nasoma mizani.

"Tisini na mbili!" anasoma.

"Tisini na moja!" napiga kelele.

"Tisini na nne!"

"Tisini na nne yenyewe!"

Watu wanapiga vigelegele, Bwana Hiza ameshika kichwa, yule Mchaga ameacha kuhimiza, ameinama anaangalia ubao kisha mizani, ubao kisha mizani. "Nyie watu mnafuga nguruwe au mnawaagiza dukani?" Siyo kwamba wote walilenga. Mmoja alituangusha, akapita chupuchupu. Mwingine alizidi mpaka Neema akasema amekula buti lake. Lakini wote walifika. Wote!

Akabaki Sista. Akapanda mizani kwa hiari yake, hatukumsukuma. Kilo zake zilitimia. Mnunuzi akampitisha mkono mgongoni, akabonyeza kama mtu anayejua. "Huyu! Huyu ndiye nyama. Hana mafuta. Mpandisheni."

Neema akageuka upande. Mimi nilikuwa nimeshika mlango wa lori, na mkono ulikataa kufunguka. Bwana Hiza akaniambia kwa upole, "Mama Beno. Fungua."

Hapo tukasikia ile besi. "Ngoja."

Mzee Shemdoe alikuwa anakuja kutoka banda la nyuma, taratibu, na mbele yake anatembea Bimkubwa. Hakuwa amemfunga kamba. Alimwongoza kwa kumgusa tu sikio. Akamsimamisha mbele ya mnunuzi.

"Mchukue huyu badala yake. Ana uzito zaidi."

Mchaga akamtazama Bimkubwa, macho yakamtoka. "Huyu mnauza?"

"Mzee," Bwana Hiza akasema, "si ulisema huyu ndiye mama wa shamba?"

"Nilisema kwa macho yangu." Akamnyooshea Neema mkono. "Tangu aje, huyu binti kasema kuna kinywa, ikawa kunguru. Kasema joto, ikawa joto. Leo kasema kilo, na mmeona wenyewe. Sasa anasema Sista. Mimi nani nianze kumbishia leo?"

Bimkubwa akapanda mizani kwa kishindo, mshale ukaenda mbali. Mchaga akacheka kwa furaha, akampa Bwana Hiza mkono palepale, akasema mwezi ujao anataka tena. Mzee Shemdoe hakungoja lori liondoke. Alikwenda nyuma ya banda. Nilimfuata nikamkuta anaosha mikono muda mrefu, mikono ambayo tayari ni safi.

"Umefanya vizuri, Mzee," nikamwambia.

"Alikuwa anapenda tenzi," akasema. "Usimwambie Neema."

Nami sikumwambia, mpaka mwaka alioolewa.

Sista alizaa watoto wazuri. Siyo wote waliofuata mama yao, nisiwadanganye. Wengine walikuwa walafi kama baba. Lakini tuliwatenga, tukawapima, tukawachagua wale waliokuwa wanakula pungufu ya utabiri, nao wakazaa, tukachagua tena. Hakuna miujiza, ni kuchagua na kungoja. Mzee alistaafu akarudi Lushoto. Mnunuzi wa Moshi akaendelea kuja, safari hizi bila koti. Siku hizi shambani wana kamera inayomtazama nguruwe akipita na kuandika kilo zake, Neema ndiye msimamizi, na nilipokwenda kuwatembelea juzi tulishindana, mimi na ile kamera. Sitawaambia nani alishinda. Ila kamera haikunipa mkono.

Nawaachia hili la mwisho. Karibu na kustaafu kwangu, Bwana Hiza alinituma mjini Usagara, kwenye duka tulilonunua pumba na mashudu. Mwenyewe ni mzee wa Kihindi, Bwana Amirali, mcha Mungu, duka la baba yake na babu yake. Miaka yote alituuzia, na miaka yote hakuwahi kumtaja mnyama wetu kwa jina. Alikuwa anasema "wageni wako". Nami nilimheshimu kwa hilo.

Nikamsalimu, "Shikamoo, Bwana Amirali."

"Marahaba, Mama Beno. Kaa." Akaagiza nipewe chai. Akavua miwani, uso una huzuni ya kweli. "Nataka kukuuliza, na usifiche. Mambo ni mabaya huko kwenu?"

"Mabaya vipi?"

"Zamani mlikuwa mnajaza lori. Sasa ninyi mnachukua robo tatu tu ya lori, mwezi hata mwezi. Nikasema, maskini, wageni wa Mama Beno wanakufa, au wameuzwa. Nimewaombea."

Nilijaribu kujizuia, nikashindwa. Nikacheka mpaka chai ikanipalia.

"Hawajafa, Bwana Amirali. Wameongezeka. Wako wengi kuliko zamani!"

Akavaa miwani. Akanitazama, akatazama magunia yake, akanitazama tena.

"Wameongezeka?" akasema. "Na wanakula pungufu?"

"Wanakula pungufu."

Akapiga meza kwa kiganja. "Basi na mimi nimejiombea hasara!"